Chembe Zinazong'aa na Moshi wa Mama Ntilie

Ubungo, jirani na ilipokuwa stendi ya mabasi ya mikoani kabla haijahamia Mbezi mwaka 2021, kuna mama anayeuza chapati asubuhi. Mimi ni mteja wake wa siku nyingi. Chapati zake zina madoa ya kahawia iliyokolea, na ukichagua iliyo nyeupe atakutania: "Mwanangu, hiyo bado unga."

Madoa hayo ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Nilikuwa nimesoma kwamba chakula kikikaangwa au kuchomwa hadi kubadilika rangi, ndani yake huzaliwa chembe za kaboni zenye upana usiofika hata nanomita 10. Gawanya milimita moja mara milioni, hiyo ndiyo nanomita. Chembe hizi ukizimulika kwa mwanga wa urujuanimno zinang'aa, mara nyingi kwa rangi ya bluu. Chembe za aina hii zilitambuliwa mwaka 2004 huko Marekani, kwenye masizi ya maabara, wala waliozigundua hawakuwa wakitafuta habari za chakula. Baadaye wengine wakazikuta kwenye mkate, kahawa, bia, sukari iliyounguzwa, kuku na samaki wa kuchoma. Yaani tumezila tangu binadamu wa kwanza aweke nyama motoni, ila hatukuwa na taa ya kuzionea.

Je, zinadhuru? Seli zilizomwagiwa chembe nyingi maabarani zimeonyesha dalili za kuumia, na panya waliolishwa walionekana kuzibeba hadi kwenye viungo vya ndani kabla ya kuzitoa. Majaribio mengine yameona baadhi yake zikipunguza sumu badala ya kuiongeza. Seli ya maabara si mtu, na kiasi cha maabara si kiasi cha sahani. Hakuna aliyethibitisha kwamba chapati yenye madoa inamdhuru mlaji.

Sasa swali langu: nimwambie mama?

Upande mmoja nilijiambia ukweli ni haki ya kila mtu. Upande wa pili nikajiuliza, ukweli gani? Nikimwambia "wanasayansi wameona chembe kwenye chakula cha kukaangwa", atakachosikia ni "chapati zako ni sumu". Nusu ya habari ikipokelewa kama habari nzima, nimemdanganya kwa maneno ya kweli. Halafu hofu ile ingekuwa mzigo wake peke yake. Mimi ningehamia kwenye mihogo ya kuchemsha, yeye angebaki na unga alioukanda tangu alfajiri.

Siku moja ya masika nikamweleza hata hivyo, na hayo ya maabara sikuyaficha. Mkaa ulikuwa na unyevu, moshi umetanda, anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akaniuliza: "Hizo zinaingia kwa anayekula, siyo? Na anayepika?"

Sikuwa na la kusema, na aibu yangu ni kwamba jibu lake linajulikana muda mrefu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majiko ya nyumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020. Hapa kwetu serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo likiwa kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Hakuna aliyehitaji taa ya urujuanimno kuuona moshi ule. Nimeuona kila asubuhi kwa miaka, nikausogea pembeni kidogo usinichafue shati.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi walaji tunaona vinavyoelea tu. Hatari ndogo isiyothibitishwa ikielekea tumboni mwangu inaniamsha usiku. Hatari kubwa iliyothibitishwa ikielekea kifuani mwa mwingine naiita mazingira ya kazi. Sisemi utafiti wa chembe hauna maana. Uendelee, tutauhitaji. Nasema kwamba hofu yangu ilikuwa imechagua upande wa kukaa kabla mimi sijafikiri.

Utaniambia basi ahamie gesi. Nami nilimwambia hivyo hivyo. Akanikumbusha kwamba mkaa unanunuliwa kwa kopo, kwa hela ya jana, lakini mtungi wa gesi unataka hela yote kwa mkupuo, na hela hiyo lazima itoke kwenye bei ya chapati. Hapo nikanyamaza tena. Mara ya mwisho alipopandisha chapati kwa shilingi 100, mimi ndiye niliyelalamika kwa sauti kuliko wote, na wiki nzima nilikula kwa jirani yake.

Jirani yake naye anapikia mkaa.