Jina la Chakula ni Mizani

Liko swali ambalo wengi wetu tunalipita sokoni. Muuzaji anayechukua dagaa wa Mwanza na kuwaita dagaa wa Kigoma, je, ametenda dhambi? Wengine husema wote ni dagaa, mnunuzi atashiba, na mkimbizi naye atafute maisha.

Tuangalie tofauti yenyewe. Dagaa wa Kigoma, ambao sisi wa Burundi na Kongo tunawaita ndagala, hutoka Ziwa Tanganyika. Wale wa Mwanza ni samaki wa aina nyingine, wa Ziwa Viktoria, na kwa kawaida bei yao ni ndogo. Anayebadilisha jina anapokea fedha ambazo mnunuzi asingetoa kama angejua. Mithali 11:1 inakemea mizani ya udanganyifu. Jina la uongo nalo ni mizani ya namna hiyo, kwa maana linaongeza thamani isiyokuwepo.

Jambo hili limefika hata mahakamani huko Ulaya. Jibini iitwayo feta ni ya Ugiriki, na hutengenezwa kwa maziwa ya kondoo, au ya kondoo na mbuzi. Tangu 2002 Umoja wa Ulaya unalilinda jina hilo. Hata hivyo, viwanda vya Denmark viliendelea kulitumia kwa jibini iliyouzwa nje ya Umoja huo. Julai 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Denmark ilikosea kwa kutovizuia. Kumbe kuwa mbali kwa mnunuzi hakuhalalishi uongo.

Lakini mama aliyejifunza kupika chikwanga kwao, na leo anaipika hapa, tumwambie nini? Ujuzi wake ni wa kweli; aliukimbia nao vita. Mihogo ndiyo ya hapa. Basi aseme yote mawili: nimepika kama kwetu, kwa mihogo ya hapa. Hapo hakuna aibu wala wizi.

Ndugu, sisi kila tunapoandikishwa tunaulizwa tumetoka wapi, na tunaomba jibu letu liaminiwe. Tutaombaje hivyo, kama tunadanganya hata asili ya fungu la dagaa? Tena yule mvuvi aliyebaki ziwani ni ndugu yetu. Tukiuza samaki wa kwingine kwa jina la ziwa lake, tumemnyang'anya sifa ya kazi yake.

Njaa tunaijua. Lakini jina jema ni mali ambayo hata vita havikutunyang'anya. Tusiliuze sokoni. Bwana atusaidie.