Alama Zisigeuke Jina la Mtoto

Kila Januari, Johannesburg husubiri matokeo ya matriki, mtihani wa kumaliza sekondari. Mwaka 2025 ombi la kuzuia yasichapishwe magazetini lilifikishwa Mahakama Kuu ya Pretoria, likagonga mwamba. Yakatoka, yakiwa na namba za watahiniwa bila majina, na wizara ya elimu ya Afrika Kusini ikatangaza ufaulu wa kitaifa wa asilimia 87.3. Gazeti linaficha jina la mtoto. Nyumbani ndiko anakobandikwa jingine.

Tuseme ni nyumba moja ya Yeoville, mtaa wenye Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili. Kifungua mimba alipata alama za juu. Mama yake, aliyemsomesha kwa kuuza mboga, akaanza kumwita Profesa mbele ya wateja. Mwaka uliofuata mdogo wake alifeli. Huyo akaitwa Kichwa Kigumu, na mjomba akamwambia: “Mkubwa wako umemwona, wewe umetokea wapi?”

Mdogo akajifungia ndani. Serikali ina mpango wa kurudia mtihani, unaofanyika Mei na Juni, lakini yeye hakujiandikisha. Kichwa Kigumu akarudie nini? Siku ya mwisho ikapita.

Profesa naye alifika chuo kikuu, akaanguka jaribio la kwanza. Aliona haya kumwendea mhadhiri, maana Profesa hafundishwi. Mama alipouliza, alijibu amepata 80. Akaendelea kudanganya hadi barua ya kusimamishwa masomo ilipomuumbua.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha utafiti unaofanana na kisa hiki. Watoto waliosifiwa kwa akili zao walipokutana na maswali magumu wakashindwa, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Tena, walipotakiwa kutaja alama zao, karibu 40 kati ya kila 100 wa waliosifiwa kwa akili walijiongezea.

Basi mzazi, sifu kazi na ukosoe kazi. Mtoto mwache na jina ulilompa alipozaliwa. Aliyefaulu muulize alisomaje, na umzoeze kusema “hapa nimekwama” bila kuona aibu. Aliyefeli muulize ni wapi palipomshinda, kisha ufuatane naye wiki hiyohiyo akajiandikishe kurudia. Wote wawili wajue kwamba wanapendwa kabla matokeo hayajatoka.