Mgeni Shambani

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku mpakani, Busia na Malaba, wako wageni wasiobisha hodi: mbegu zilizonata katika matope ya magurudumu, au zilizojificha katika magunia ya nafaka, malori yakipanga foleni kungoja kuvuka. Mmoja wa wageni wa namna hii ni gugu karoti, liitwalo hivyo kwa kuwa majani yake yafanana na ya karoti. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Maua yake ni meupe, madogo, ya kumvutia mtoto. Lakini gugu hili huwasha ngozi na kuamsha pumu, maziwa ya ng'ombe aliyelishwa nalo huwa machungu, na mche mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000.

Je, tulichukie kwa sababu limetoka ng'ambo? Hapo sikubali. Mahindi nayo yalitoka Amerika, na muhogo vilevile, na sijamsikia mtu wa Busia atakaye kuving'oa. Tena kitazame kiduha, ambacho Wajaluo hukiita kayongo. Hicho ni mwenyeji halisi wa Afrika, na maua yake ya zambarau yapendeza. Kumbe chini ya ardhi mizizi yake imeishika mizizi ya mahindi na kuinyonya. Mbegu zake zaweza kulala udongoni miaka zaidi ya 10 zikingoja. Hapa mwenyeji ndiye mwizi, na mgeni ndiye aibiwaye! Asili ya gugu karoti hutueleza kwa nini laenea upesi, maana limewaacha kwao wadudu walilao. Lakini hukumu yatoka katika matendo yake kwa majirani.

Swali gumu zaidi ni hili: nani aling'oe? Lililo kando ya barabara halikupandwa na mtu. Mwenye duka atasema si lake, na mkulima atasema shamba lake liko mbali. Huku wakibishana, gugu laweza kuchanua kabla ya majuma sita, na upepo hauulizi mpaka wa Uganda uko wapi. Kwa maoni yangu deni hili halitokani na kosa. Adaiwaye ni yule alijuaye gugu akapita karibu nalo, na msomaji wangu sasa alijua. Ling'olewe baada ya mvua, udongo ungali laini, mikono ikiwa imefunikwa, kabla ua la kwanza halijafunguka.