Upinde Juu ya Mlango

Katika nyumba moja nje kidogo ya mji wa Kahama niliona upinde umetundikwa juu ya mlango, kamba imelegea, na kando yake filimbi ya bati iliyoshika kutu. Nilimwuliza mwenyewe, mzee wa zamani wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, kipi kati ya hivyo viwili kilikuwa na kazi zaidi. "Filimbi," alisema papo hapo. "Upinde kila mtu alikuwa nao."

Jibu lile hunirudia kila nikisoma habari za Marekani. Novemba 2022 wapiga kura wa jimbo la Iowa waliingiza katika katiba ya jimbo lao kifungu kinachoifanya silaha kuwa haki ya msingi ya kila mtu, na sheria yoyote ya kuibana ipimwe mahakamani kwa kipimo kikali kuliko vyote. Missouri walishatangulia mwaka 2014. Bunge limefungwa mikono kwa kosa ambalo huenda likalitenda kesho. Kila kufuli lina mwizi wake. La Iowa linamshuku mbunge ambaye hata hajachaguliwa.

Kwetu Tanzania kufuli liko upande wa pili wa mlango. Katiba ya 1977 haitaji haki ya bunduki. Ibara ya 147 inakataza mtu au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi. Bunduki ni kibali, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na aliyekupa kibali anaweza kukichukua.

Sungusungu, hata hivyo, hawakuomba kibali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya Kahama na Nzega vilichoshwa na wezi wa ng'ombe na majambazi, polisi wako mbali, na wanaume wakatwaa pinde zilizokuwemo ndani tangu enzi za babu zao. Haki za binadamu ziliingia katika Katiba mwaka 1984. Wao walikuwa wameshaanza doria. Bunge likawafuata mwaka 1989, likarekebisha sheria za mgambo na kuwapa uwezo wa kukamata.

Walichotangulia nacho ni mwano, yowe la Wasukuma la kuomba msaada, na filimbi ilifanya kazi hiyo hiyo. Ukilisikia, unatoka. Usipotoka unatozwa faini. Ukikaidi unatengwa, hupewi hata moto wa kuwashia jiko. Kwa hiyo upinde ule haukuwa haki ya mwenyewe hata kidogo. Ulikuwa deni lake kwa jirani. Katiba inaweza kuulinda upinde usinyang'anywe, lakini sioni ni kifungu gani kingemlazimisha mtu aache kitanda saa nane za usiku kwa ajili ya ng'ombe wa mwingine.

Nisiwapambe, maana Usukumani yupo pia bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, na kwa macho hayo tu akaitwa mchawi. Sungusungu nao waliwahi kuwaandama wanawake wa namna yake. Filimbi ikilia usiku, bibi huyo hajui kama anaitwa au anawindwa. Kifungu cha Iowa kingemlinda aliyeshika upinde. Aliyesimama mbele ya mshale anahitaji Bunge ambalo mikono yake haijafungwa, na polisi wanaofika.

Geita wana hesabu nyingine. Mnunuzi wa dhahabu aliyezunguka maduarani, kwenye mashimo ya wachimbaji, na fedha taslimu alikuwa na sababu ya kuficha bastola chini ya shati. Soko la dhahabu lililofunguliwa mjini humo Machi 2019 lilimpa meza, mzani na watu wanaomwona. Sidhani kama bastola zote zimerudi kabatini, lakini sababu mojawapo imepungua bila mtu kugusa kifungu chochote.

Nilipomwuliza yule mzee kama angetaka haki ya upinde iandikwe katika Katiba, alicheka. Akaniuliza ni nani siku hizi angeitikia filimbi. Wanawe wawili wako Geita, kwenye maduara.