Gia Laini, Kizingiti Kibovu

Katika toleo hili tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya gari. Tunajua wako watakaosema kwamba ukurasa huu ni wa fikra, na magari yana magazeti yake. Tuvumilieni kidogo. Kilichotupata chini ya gari hilo ni jambo la fikra khasa, na hadi leo hatujamaliza kubishana.

Sisi ni watu watatu, mmoja wa Mombasa, mmoja wa Unguja na mmoja wa Dar es Salaam, na sote twaishi Reading, hapa Uingereza. Hakuna kati yetu aliyekuwa fundi nyumbani. Kwetu, mtu aliyesoma akionekana amelala chini ya gari, mama yake humwuliza kama mafundi wamekwisha mjini. Hapa saa moja ya fundi humaliza mshahara wa siku nzima wa baadhi yetu, kwa hiyo watu huwa mafundi kwa lazima, na wengine, tukubali tu, kwa raha zao.

Mwaka 2019 tulichangishana tukanunua Mazda ya viti viwili ya 1991, ile isiyo na paa ila turubai. Gari la aina hii lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989. Wamarekani waliliita Miata, Waingereza MX-5, na Japani likauzwa kwa jina la Eunos Roadster. Letu ni Eunos. Lilitengenezwa kwa barabara za Japani, kisha likaletwa Uingereza likiwa mtumba, kama zile Corolla zinazoshushwa bandarini kwetu, kwa kuwa Wajapani, Waingereza na sisi sote twaendesha upande wa kushoto. Labda ndiyo maana tulilipenda. Na lenyewe lilikuja hapa na maisha ya nyuma ambayo hakuna aliyeyauliza.

Tulianza na gia. Mkono wa gia wa gari hili hauvuti nyaya wala vyuma virefu. Umesimama moja kwa moja juu ya giaboksi, na kiganja huhisi kila kinachotokea chini. Ukiwa mzima ni raha tupu. Wetu ulikuwa ukichezacheza kama kijiko ndani ya kikombe kitupu. Chini ya mkono huo mna kibakuli chenye oili yake peke yake, isiyochanganyika na ile ya giaboksi, na ncha ya mkono imevishwa bushi ndogo ya plastiki. Baada ya miaka karibu thelathini mpira wa kuzibia ulikuwa umepasuka, oili imekwisha, bushi imelika, na joto lote la chini lilipanda hadi kwenye mapaja ya dereva. Kazi yenyewe si ngumu. Unafungua kirungu, unaondoa kiunzi cha katikati, unavua mipira, unalegeza boliti tatu za spana namba kumi, na mkono unatoka mzima mzima. Tulisafisha kibakuli, tukavisha bushi mpya na mpira mpya, tukamimina oili isiyozidi sana kikombe cha kahawa ya barazani. Tulianza baada ya chakula cha jioni, na kabla ya saa sita za usiku tulikuwa barabarani tukibadilisha gia bila sababu yoyote, kama watoto waliopewa swichi ya taa.

Mwenzetu wa Unguja hakutosheka. Akaagiza mkono mfupi, ule ambao egemeo lake limepandishwa ili kiganja kisafiri safari ndogo. Tukaufunga. Safari ilipungua kweli, lakini wenzo ni wenzo: ukipunguza mwendo wa mkono unaongeza nguvu za kusukuma, na zile pete za shaba zinazosawazisha kasi ya gia kabla hazijashikana bado zinataka wakati wao ule ule. Asubuhi ya baridi gia ya pili ilikuwa kama kusukuma mlango ambao mtu ameuegemea kwa ndani. Wiki ya tatu tukarudisha mkono wa zamani, na mwenzetu hapendi kukumbushwa.

Baada ya gia tukaenda kwenye chasisi. Gari lisilo na paa limekosa mfupa mmoja mkubwa, kwa hiyo uzito na misukosuko yote hubebwa na sakafu pamoja na vizingiti viwili vya milango. Wenye kiwanda walilijua hilo. Walipoleta injini ya lita 1.8 mwaka 1993 waliongeza vyuma vya kukaza bodi, na wenye magari ya kwanza ya 1.6 hujiongezea wenyewe vyuma vya namna hiyo. Nasi tukafunga, kimoja nyuma ya viti, kinachounganisha nguzo za mikanda, na vingine chini. Kioo cha ndani kilichokuwa kikitetemeka kwenye kila shimo kikatulia. Tukajipongeza.

Tulipokuwa chini tukifunga cha mwisho, bisibisi iliteleza ikagonga kizingiti cha kushoto. Ikazama. Turubai la gari hili lina mifereji miwili ya kutolea maji ya mvua, nyuma ya milango. Majani yakiiziba, maji hutafuta njia na kuingia ndani ya vizingiti. Ongeza chumvi inayomwagwa barabarani hapa wakati wa baridi. Kutu huanzia ndani, na rangi ya nje huendelea kung'aa hadi siku ya mwisho. Tulipochimba tukatoa puti kwa mafungu, na ndani yake mmesokotwa gazeti. Vyuma vyetu vipya vilikuwa vimefungwa juu ya hayo. Mtu aliyevunjika mbavu alikuwa amefungwa mkanda mpya.

Tulimlaani aliyefanya kazi ile kwa lugha zote tuzijuazo. Mwenzetu wa Dar es Salaam, ambaye mjomba wake alikuwa fundi wa bodi pale Gerezani, alisema kwamba mjomba alipiga puti maisha yake yote lakini hakuwahi kuitia mahali panapobeba uzito. Puti ni poda ya uso, ndivyo mjomba alivyokuwa akisema, haiwi mguu.

Basi mwaka 2021 tukanunua mashine ndogo ya kuchomelea, tukajifunza Jumapili tatu kwenye vipande vya mabati, kisha tukakata uozo wote na kuweka chuma kipya. Kizingiti cha kulia kilituridhisha. Cha kushoto tulikimalizia jioni, mvua ikitunyeshea kwa pembeni, mikono imechoka. Mshono mzuri huunguruma sawasawa kama mafuta ya kukaangia. Wetu, kwa urefu wa shibiri moja hivi, ulikuwa ukitema tema. Tulijua, sote watatu, kwamba pale chuma kimelala juu ya chuma na hakikuingia. Tukakipiga grenda kikalainika, tukapaka rangi ya zinki, juu yake lami nyeusi ya kuzuia kutu, tukaenda kula.

Ukaguzi wa kila mwaka, yaani MOT, gari likapita, mwaka huo na miwili iliyofuata. Kanuni inataka kiraka kwenye sehemu za kubeba uzito kichomelewe mfululizo pande zote, na kwa macho chetu kilikuwa mfululizo. Mkaguzi hutazama na kugonga. Kukwangua lami si kazi yake.

Mwaka 2024 mmoja wetu alihitaji fungu lake la fedha, tukakubaliana tuuze. Mnunuzi alikuwa kijana wa kwetu, wa Tanga, muuguzi, ambaye hakuwa na mwaka nchini. Tulimpa usukani. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tukaona uso wake unafunguka. Aliporudi tulimwambia achukue tochi atazame chini. Akacheka. "Kaka zangu," akasema, "watu waliotengeneza gia namna hii hawawezi kuwa wamelipua huko chini."

Tangu siku hiyo tunaitafakari kauli ile. Gia yetu ilikuwa kazi ya kweli. Hatukuidanganyia. Lakini ilisimama mbele ya kijana ikakitolea kizingiti ushahidi ambao hakikustahili. Aliyesokota gazeti ndani ya chuma alitumia uwongo kuficha ubovu; sisi tulikuwa karibu kutumia ukweli. Hatuna hakika kwamba sisi ndio bora. Puti ukiigonga husikika, na mtu mwenye sikio huitambua. Kazi njema iliyowekwa mbele ya kazi mbaya haina pa kuigonga.

Swali hili ni la kale. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika kitabu juu ya wajibu kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa masomoni Athens, na ndani yake mna mtu anayeuza nyumba ambayo yeye peke yake anajua kwamba vyumbani mna nyoka na mbao zimeoza. Cicero anawaleta wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, mengine anyamaze, kwani hakumlazimisha mtu kununua. Antipater anasema kunyamaza huko ni kumwacha mwenzio apotee njia ilhali unamwona. Cicero alimwelekea Antipater.

Kati yetu Diogenes alikuwa yule wa Mombasa, na tusimdharau, maana hoja zake zilikuwa na uzito. Gari lina miaka zaidi ya thelathini, bei ni ya chini, tumempa tochi amekataa, MOT imepita mara tatu. Katika nchi hii mtu binafsi akiuza gari lake kuukuu, mzigo wa kukagua humwangukia zaidi mnunuzi, mradi muuzaji asiseme uwongo. Na je, wewe mwenye kushuku mshono wako ni nani? Si mhandisi. Huenda ni mzima.

Hapo pa mwisho ndipo tuliposhikilia wengine. Fundi wa kulipwa akikuuzia mashaka unaweza kumshtaki, ana jina na mlango. Sisi tuliojifunza kwa Jumapili tatu hatukuwa na mtu wa kutusahihisha isipokuwa sikio letu, na sikio lilikuwa limekwisha sema. Mwenye kazi ya mikono yake akishalijua jambo hilo hawezi tena kujificha ndani ya ujinga wake. Tena kijana hakuikataa tochi kwa uvivu. Aliikataa kwa sababu tulikuwa ndugu. Huku ugenini, ambako hatuna wazee wa mtaa wa kumwuliza habari za mtu, lugha peke yake hufanya kazi ya udhamini. Ukisikia Kiswahili dukani mabega yanashuka. Mgeni angeinama atazame.

Mwenzetu akauliza: je, tukimwambia na kumpunguzia bei, tutakuwa tumemaliza? Swali hili tulilikuta gumu kuliko la kwanza. Kumwambia mtu asiyejua uchomeleaji kwamba "pale pana wasiwasi" ni kumpa mzigo asioweza kuupima. Atakwenda nao, atausahau, na siku moja ataketi na abiria ambaye hakuwapo siku ya mapatano. Sheria ya Barabara ya 1988 hapa Uingereza yakataza kumuuzia mtu gari ambalo hali yake si salama kuendeshwa, na tunadhani walioitunga waliliona hilo: wenye kuumia ni wengi kuliko wenye kukubaliana bei. Hatari haiuzwi rahisi ikawa halali kwa urahisi wake. Hata hivyo hatukukubaliana wote, kwani Diogenes wetu bado anasema kwamba ukimwambia mtu mzima ukweli wote umemheshimu, na kumkatalia kununua ni kumfanya mtoto.

Tulimwambia pale pale, injini ingali na moto. Kwanza alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akauliza, "Mngeniuzia?" Hakuna aliyejibu upesi. Yule wa Dar es Salaam ndiye aliyesema kweli: bei tulikuwa tumekwisha kukubaliana.

Jumamosi iliyofuata tulinyanyua gari, tukakwangua lami, tukatia patasi kwenye ile shibiri. Sehemu kubwa ilishika. Kwa upana wa vidole vitatu mshono ulibanduka kama ganda la jeraha, bila kutumia nyundo. Kijana alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na vikombe vinne vya chai mkononi, hakusema neno. Kizingiti hicho kimeshonwa upya na mchomeleaji mwenye cheti, kwa fedha iliyozidi tuliyotumia kwa gia na vyuma vyote pamoja. Gari halijauzwa. Mwenzetu aliyehitaji fungu lake tulimlipa kwa mafungu, na kijana akanunua Toyota kwa muuzaji mwingine, baada ya kuinama na kuitazama chini kwa muda mrefu.

Kinachobaki ni kizingiti cha kulia, kile kilichoturidhisha. Tutakifungua mwezi ujao, mvua zikipungua. Kijana ameomba awepo, na amesema tochi atakuja nayo mwenyewe.