Mgeni Katika Afisi ya Wala Mboga

Tumeandikiwa barua na kijana aliyekwenda Mumbai kwa kazi ya uhasibu. Asema kuwa saa ya chakula makarani wote hukaa meza moja, wakafungua mikebe yao, na haimo nyama wala samaki wala yai. Yai kwao lahesabiwa pamoja na nyama. Wajaini waliomo hawali hata kitunguu wala kiazi, kwa kuwa king'olewapo huuawa mmea na vijidudu vya ardhini. Hapana aliyemkataza kuleta nyama, ila yeye mwenyewe aliona haya akaiacha. Sasa auliza: je, huku si kujiharimishia alichokihalalisha Mwenyezi Mungu?

Aya ya 87 ya Suratul Maida ndiyo iliyomtia khofu, na khofu yake ni njema. Lakini kuharimisha ni kuitakidi kuwa kitu ni haramu. Na huyu aitakidi kuwa nyama ni halali, na jioni kwake huipika. Kitunguu thomu ni halali bila shaka, na juu ya hayo Mtume (S.A.W.) alimtaka aliyekila asiukaribie msikiti, kwa maudhi ya harufu yake. Hatusemi kuwa afisi ni msikiti. Twasema kuwa halali yaweza kuwekwa kando saa moja kwa ajili ya aliyekaa ubavuni mwako, na dini isipungue. Wala asiseme mtu kuwa hao si Waislamu: Abdullahi bin Amri alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa.

Tena meza hiyo yampa raha asiyoijua. Nyama ya hotelini, katika mji ambao hamjui mchinjaji, ina shaka. Dengu haina mchinjaji. Ni sisi wa pwani tunaomwona mgeni aliyeandaliwa kunde kuwa amedharauliwa.

Lakini haya yote ni kwa anayeacha kwa khiari yake. Mwaka 2014 gazeti moja mashuhuri la Chennai liliwatolea watumishi wake ilani wasilete nyama katika chumba cha kulia. Na huko huko Mumbai wako wenye majumba wasiompangisha mla nyama, na wengi wanaofungiwa mlango kwa sababu hiyo ni Waislamu. Hapo si adabu tena. Haya ya mgeni ni sadaka yake, na sadaka haitozwi kwa nguvu. Kijana wetu akiletewa ilani kama hiyo, ana haki ya kuuliza, kwa upole, ni kwa sheria gani.

Swali lake la pili ni juu ya vitamutamu viletwavyo afisini siku za sikukuu, vilivyokwisha kutolewa mbele ya masanamu. Hivyo asile. Ashukuru, aseme dini yake yamzuia. Wenye kuacha kiazi kwa ajili ya dini watamfahamu. Ama matunda yaliyotoka sokoni moja kwa moja, yasiyopitishwa hekaluni, hayamo katika hukumu hii, ayale.