Maji ya Eliya na Ndoo ya Nyumbani

Masomo: 1 Wafalme 19:1–8, 2 Samweli 23:13–17



Mara hii twataka kusema juu ya jambo ambalo huenda wengine wakashangaa kuliona katika kurasa za Kanisa, nalo ni maji ya kunywa. Hatusemi juu ya maji ya ubatizo, wala yale maji ya uzima ambayo Bwana wetu alimweleza mwanamke Msamaria pale kisimani. Twasema juu ya maji ya kawaida ya mtungini na ya ndoo. Wengi wetu hapa Murungu hatuyanywi ya kutosha, na jambo hilo lagusa imani yetu na upendo wetu pia.

Tufungue kwanza 1 Wafalme 19. Nabii Eliya amekwisha kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli. Malkia Yezebeli anaapa kumwua. Eliya anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, naye anaingia jangwani mwendo wa siku moja. Anaketi chini ya mti na kuomba afe. Mtu wa Mungu amechoka na kukata tamaa.

Pengine tungetazamia kwamba Mungu angemkemea. Hakumkemea. Alimwacha alale usingizi, kisha akamtuma malaika na mkate na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamwamsha ale na kunywa, maana safari iliyokuwa mbele ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Ndipo akatembea siku 40 mpaka Horebu, na huko ndiko Bwana aliposema naye.

Tazameni utaratibu huo, ndugu. Maji yalitangulia, maneno yakafuata. Muumba alijua kwamba mwili uliokauka hauwezi kusikiliza vema. Basi mtu asiseme kwamba habari za mwili hazimhusu Mungu. Bwana wetu mwenyewe, alipotundikwa msalabani, hakuona haya kusema kwamba ana kiu.

Tuutazame sasa mwili huo. Wataalamu wa afya hutufundisha kwamba kwa kawaida zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji. Maji yaliyo katika damu hupeleka chakula kwenye kila kiungo. Maji hutupoza kwa njia ya jasho. Maji hulainisha choo, na kwa maji hayo figo huchuja taka na kuzitoa kwa mkojo. Kila siku twayapoteza kwa jasho, kwa mkojo, kwa choo, na hata kwa pumzi tunayoitoa. Yasiporudishwa, kinywa hukauka, kichwa huuma, kizunguzungu huja, choo huwa kigumu, na mtu hulegea bila kujua sababu. Hali hiyo ikiendelea kwa muda mrefu, huweza kuchangia mawe ya figo na maradhi ya njia ya mkojo.

Ni wangapi kati yetu ambao, kichwa kikiuma saa nane mchana, hukimbilia dukani kununua vidonge, na kumbe tangu asubuhi hawajanywa hata kikombe kimoja cha maji? Wengine hufika hata kumshuku jirani. Hatusemi kwamba kila kichwa kiumacho ni kiu, la; homa ipimwe malaria, na mgonjwa aende zahanati. Lakini tusimtuhumu jirani yetu kwa uovu kabla hatujaangalia kikombe chetu wenyewe.

Na sisi tuliokaa na watoto darasani miaka mingi twalijua lile jambo la mtoto kulaza kichwa juu ya dawati baada ya adhuhuri. Mara nyingi huitwa mvivu. Ametembea asubuhi kutoka nyumbani, amecheza juani, na hapana maji aliyokunywa. Mpeni maji kwanza, kisha muulizeni hesabu.

Je, maji kiasi gani yatosha? Hakuna kipimo kimoja kwa watu wote. Wataalamu wengi husema kwamba mtu mzima ahitaji kwa siku lita 2 hivi kwa mwanamke, na lita 2 na nusu hivi kwa mwanamume, pamoja na maji yaliyo katika chakula, chai na uji. Anayelima juani ahitaji zaidi, na vivyo hivyo mama mjamzito na mama anayenyonyesha. Pombe ya ndizi isihesabiwe humo, kwani pombe huongeza mkojo. Alama iliyo rahisi kwa kila mtu ni mkojo wake mwenyewe, wala tusione haya kulitaja jambo hili. Ukiwa wa rangi hafifu, mambo ni mema. Ukiwa umekolea kama chai ya rangi, mwili unaomba maji. Ukibaki hivyo hata baada ya kunywa, au ukiwa na damu, nenda ukapimwe.

Hapa kwetu milimani kiangazi kina hila yake. Asubuhi huwa na baridi, nasi hatusikii kiu. Mchana upepo mkavu hulikausha jasho kabla hatujaliona, hata mtu akadhani hakutoka jasho kabisa. Kwa hiyo tusingoje kiu itulazimishe. Mtu anywe kikombe aamkapo, achukue chupa au kibuyu aendapo shambani, na anywe tena arudipo.

Wazee wetu waangaliwe kwa namna ya pekee. Katika uzee kiu hupungua, ingawa haja ya maji haipungui. Tena wengi hujizuia kunywa kwa kuogopa kutoka nje usiku gizani. Wapewe maji asubuhi na mchana, jioni wapunguze. Lakini kama daktari amemwambia mgonjwa wa moyo au wa figo apunguze maji, amtii daktari. Na mtoto mchanga wa chini ya miezi 6 asipewe maji. Maziwa ya mama yamtosha kwa chakula na kwa kiu.

Maji hayo yawe safi. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wengi sana vijijini walikusanyika kwa vikundi kuisikiliza redio na kujadiliana jinsi ya kujikinga na maradhi, yakiwamo yale yaletwayo na maji machafu. Mafundisho yale hayajazeeka. Mwezi Mei 2015, ndugu zetu wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika katika mkoa wetu huu wa Kigoma, kipindupindu kililipuka. Maelfu waliugua, na wengine wakafariki. Kipindupindu huua kwa kuutoa mwili maji mengi upesi. Kwa hiyo tuchemshe maji mpaka yabubujike kwa dakika 1 kamili, tuyaache yapoe yakiwa yamefunikwa, tuyachote kwa kikombe chenye mkono. Penye shida ya kuni, maji maangavu yakitiwa katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ikalazwa kwenye jua kali kwa saa 6, huwa salama zaidi kwa kunywa.

Na mtoto akiharisha, tusimnyime maji tukidhani tunazuia kuhara. Apewe dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji. Ikikosekana, katika lita 1 ya maji safi tutie vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, anywe kidogo kidogo, huku akipelekwa zahanati bila kukawia.

Tumefika sasa kwenye somo letu la pili, ambalo ndilo lenye uzito zaidi. Daudi alikuwa katika pango la Adulamu, nao Wafilisti walikuwa wamekaa Bethlehemu. Akatamani maji ya kisima cha kwao, kilichokuwa karibu na lango. Mashujaa watatu wakapenya katikati ya jeshi la adui, wakateka maji hayo, wakamletea. Daudi akakataa kuyanywa. Akayamimina mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani yake damu ya watu waliohatarisha maisha yao.

Ndugu, na sisi tutazame ndani ya kikombe tunachopewa. Nyumba zetu nyingi ziko juu ya vilima, na chemchemi ziko chini mabondeni. Maji ya ndoo ya lita 20 yana uzito wa kilo 20, nayo hupandishwa kilima kwa kichwa cha mama au cha binti, mara nyingi kabla jua halijachomoza. Kisha yafikapo nyumbani, baba hunawa na kunywa, wageni hunywa, watoto hunywa. Aliyeyabeba huyapima yaliyobaki, hufikiri juu ya ugali na maharage ya jioni, naye hunyamaza asinywe ili ndoo isiishe. Hivyo ayachotaye ndiye ayakosaye. Daudi aliona thamani ya wachotaji wake. Je, sisi twaiona?

Tufanye hesabu kidogo. Nyumba ya watu 7, kila mmoja akinywa lita 2, itahitaji lita 14. Hiyo haifiki ndoo moja. Basi si maji ya kunywa yanayotumaliza. Hayo ni machache kuliko tunavyodhani. Twaomba kila nyumba ya Mkristo iitenge ndoo ya kwanza ya asubuhi iwe ya kunywa, ichemshwe, ifunikwe, na isiguswe kwa kufulia wala kuoshea vyombo. Twaomba pia kina baba na vijana wa kiume, hasa wenye baiskeli, waichukue ndoo hiyo iwe kazi yao. Mashujaa wa Daudi walikuwa wanaume wa vita, wala hawakuona aibu kuteka maji. Na anayeongoza meza aulize kila siku kabla ya kuomba baraka ya chakula: Mama amekunywa? Bibi je?

Ndugu wa Umoja wa Mama, wazee wa Kanisa, na vijana, jambo hili laweza kuanza juma hili pasipo fedha wala mkutano. Katika ibada ndefu, katika misiba na arusi, pawe na ndoo safi yenye kifuniko, na mtu aliyewekwa kuwapa maji wazee na wajawazito kwanza. Bwana wetu, katika Mathayo 10:42, aliahidi kwamba kikombe cha maji baridi apewacho mmoja wa wadogo hakitakosa thawabu. Mdogo huyo huenda akawa yule yule aliyekuletea wewe maji asubuhi ya leo.

Tuombe. Ee Mungu uliyemwamsha Eliya anywe, twakushukuru kwa chemchemi za mabonde yetu na kwa mikono iteka maji. Utufundishe kuitunza miili uliyotupa, na kumkumbuka kila mwenye kiu nyumbani mwetu, hata yeye asiyelalamika. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.